Mluzi wa Wimbo wa Nne

Jumatatu, 3 Machi

Balaa. Mkurugenzi wa redio ametuita ofisini kwake, mimi na Miwani, akausukuma mlango kwa mguu maana kitasa chake kimekufa tangu mwaka jana. Akasema vipindi viwili vya muziki wa roki kwa redio ndogo kama yetu ni vingi mno. Atabakiza kimoja. Uamuzi Jumamosi.

Kimoja! Mimi nina nusu saa yangu kila Jumamosi alasiri, napendekeza albamu za jukwaani. Miwani hunifuata na nusu saa yake, anapendekeza albamu za studio. Tunamwita Miwani kwa sababu huvaa miwani myeusi hata ndani, hata stoo ya redio, ambako juzi aligonga ngazi akaiomba radhi.

Na albamu ya studio ni kitu gani, jamani? Mtu anakosea, anarudia. Anakosea tena, fundi anamfutia. Mwishowe unauziwa uongo uliopigwa pasi. Albamu ya jukwaani, aliyekosea amekosea, na uwanja mzima ni shahidi. Humo utamsikia mwimbaji koo likimkauka. Utamsikia mpiga besi aliyesahau wimbo umefika wapi na anajikaza kiume. Nimelisema hili redioni miaka sita. Nalisema hata kazini. Mimi ni mtunza stoo katika duka la vipuri vya magari, na hajatokea mteja aliyefuata pedi za breki akaondoka bila kupendekezewa albamu. Siku hizi wengi hununua duka la jirani.

Niandike ukweli, hapa hakuna wa kunicheka. Ile nusu saa ndiyo muda pekee katika wiki nzima ninaposema na hakuna anayenikatiza. Dukani kuna tajiri. Nyumbani kuna mke wangu, na tangu mwaka jana kuna na mama mkwe, ambaye alipofika tu aliniuliza wale watu kwenye spika wanagombania nini. Tangu siku hiyo nasikiliza kwa vifaa vya masikioni, kama mwizi. Ikiondoka ile nusu saa, nimekwisha. Nasema kweli, nimekwisha.

Lakini turufu ninayo. Jumamosi napendekeza "Tunawaka Hata Bila Taa" ya Radi na Wanawe, iliyorekodiwa uwanjani miaka kumi na minane iliyopita. Wimbo wa nne, drams zinaponyamaza ghafla, unapasua mluzi mmoja: mfupi, mfupi, halafu mrefu unaoshuka. Mluzi huo ni wangu! Nilikuwepo! Nilipiga mpaka macho yakanitoka. Nani mwingine anaweza kupendekeza albamu ambayo yeye mwenyewe yumo?

Jumanne, 4 Machi

Nimejipalia makaa mwenyewe. Nilipita redioni baada ya kazi, nikamkuta Mkurugenzi kwenye chumba cha chai, nikamweleza habari za mluzi. Akafurahi. Akasema hiyo ndiyo redio. Nikajiona nimeshavuka mto.

Miwani alikuwa pembeni anakoroga sukari. Akaweka kikombe chini taratibu, akasema samahani, mluzi ule ni wake.

Ebo! Nilimuuliza wake kivipi. Akasema naye alikuwepo uwanjani, upande wa mashariki, na alipiga mluzi drams ziliponyamaza. Nikamwambia yeye mtu wa studio, uwanjani alifuata nini. Akajibu kwamba alikwenda kuhakikisha kuwa muziki wa jukwaani ni mbaya, na akahakikisha, na mluzi ule ulikuwa wa kuzomea.

Wa kuzomea! Mluzi wangu! Nilirusha mikono mpaka chai ikamwagikia viatu. Vyake, nashukuru.

Mkurugenzi alikuwa anatabasamu. Ningejua hapo hapo kwamba tabasamu lile si la heri. Akasema basi, kazi imekuwa rahisi. Jumamosi wote wawili mtaingia studio, mtapiga mluzi hewani, fundi mitambo atacheza albamu, na wasikilizaji watapiga simu kuamua. Mwenye mluzi ndiye mwenye kipindi.

Nikasema nimekubali. Nikasema kwa kiburi. Miwani akasema naye amekubali, akatoka, akagonga mlango.

Jumatano, 5 Machi

Siwezi kupiga mluzi.

Sijui niliwazaje. Jino langu la mbele la juu liling'oka miaka miwili iliyopita nilipovutana na mkanda wa feni uliogoma kutoka kwenye boksi, nikawekewa la bandia. Tangu hapo sijawahi kupiga mluzi wala sijawahi kuwa na sababu. Leo asubuhi nimejificha nyuma ya rafu ya beringi nikajaribu. Upepo mtupu! Fyuuu, fyuuu. Mteja mmoja akatoka nje mbio kukagua matairi yake. Akarudi akasema yote yamejaa. Tajiri akanitazama.

Mchana nikaenda kwa daktari wa meno. Nikamwomba anitolee lile jino mpaka Jumapili, halafu anirudishie. Akaniuliza linauma? Nikasema haliumi. Limelegea? Halijalegea. Akavua glovu, akakaa, akasema katika kazi yake amewahi kuombwa mengi, ila hili ni jipya. Jino lile amelikaza mwenyewe kwa skrubu na saruji ya meno, nalo halitoki kwa sababu ya redio. Nikamweleza umuhimu wa wimbo wa nne. Akasema mgonjwa mwingine anasubiri. Hata hivyo nilimpendekezea albamu moja ya jukwaani ya Kutu Nyekundu, ile ambayo mpiga solo anakatikiwa na nyuzi mbili na kumaliza wimbo kwa zilizobaki. Akaniitia nesi anisindikize.

Jioni nilijaribu bafuni kwa vidole viwili, kwa vinne, kwa kifuniko cha soda. Mke wangu akabisha hodi, akauliza kama bomba limepasuka.

Alhamisi, 6 Machi

Mtu mzima haanguki kwa jambo moja. Kama mluzi haupo, ushahidi upo. Na kama ushahidi haupo, shemeji yupo.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Ana muda, kwa sababu kila kazi anayoipata humchosha kabla hajaianza. Nikamweleza: Jumamosi utasema hewani kwamba siku ya onyesho ulikuwa umesimama ubavuni mwangu, ukaniona nikipiga mluzi. Basi. Sentensi moja. Akauliza alikuwa na umri gani wakati huo. Nikamwambia miaka kumi na miwili. Akauliza aliingiaje uwanjani. Nikamwambia usijali. Akasema shahidi mzuri lazima ajue vitu vidogo vidogo.

Hapo ndipo nilipojuta. Tukarudia mara ya pili, shati langu likawa jekundu. Mara ya tatu likawa limechanika. Mara ya nne shemeji alikuwa amenibeba mabegani ili mluzi ufike jukwaani. Nikamkumbusha alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili na mimi mtu mzima. Akasema alikuwa na nguvu tangu utotoni. Mara ya tano akalia machozi. Machozi kweli! Nikamsihi aache kulia. Akasema hayo yanakuja yenyewe.

Roki yenyewe haijui hata kidogo. Albamu hajawahi kuisikia, na alikataa kuisikia leo, eti itamharibia kumbukumbu.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo chumba cha pili, mlango wazi, amesikia kila kitu. Nilimwuliza anaonaje. Akasema kwa sauti ya upole kabisa kwamba niache habari za mluzi, nizungumze albamu tu, maana albamu naijua kuliko mtu yeyote. Nikamwambia yeye haelewi mambo ya vita. Akaendelea kukunja nguo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata! Usiku nililala nikiwa nimeshindwa, asubuhi nimeamka mshindi. Mluzi wangu si umo kwenye albamu? Basi kwa nini nihangaike kuupiga upya? Naunasa kwa simu, naiweka simu mfuko wa shati, nabinya midomo mbele ya kipaza sauti, nabonyeza. Huo si udanganyifu. Sauti ni yangu. Mtu akicheza sauti yake mwenyewe ana kosa gani?

(Najua Miwani angesema nini. Angesema hiyo ndiyo studio. Miwani hana haja ya kujua.)

Kazi haikuwa rahisi. Ilibidi niitoe albamu kwenye spika kubwa, ili simu inase vizuri. Nikaucheza wimbo wa nne tena na tena, kila mara simu inanasa kitu kingine: mlango, kikohozi cha jirani, mimi mwenyewe nikilaani. Mara ya sijui ngapi mama mkwe akatokea mlangoni na sinia la njegere anazomenya. Nikajua leo nimekwisha, nitasemwa mpaka kesho. Lakini akaweka sinia chini. Akasikiliza mpaka mluzi ukapita. Akaniambia rudisha hapo, mwanangu. Nikarudisha. Akauliza hiyo ilikuwa wapi. Nikamjibu kwa kifupi, uwanjani, miaka mingi, mama, niko kazini. Akauliza kipindi changu huanza saa ngapi. Nikamwambia saa tisa. Akaondoka na njegere zake.

Hata yule ameanza kuipenda roki! Albamu nzuri haina mpinzani.

Saa kumi na moja mluzi ukawa ndani ya simu. Nikauweka tayari. Kesho Miwani atajua kwamba jogoo wawili katika banda moja hawaishi.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaki kuyaandika ya leo. Naandika hivyo hivyo.

Studio tulijaa: Mkurugenzi, Miwani, mimi, shemeji kwenye kiti cha shahidi, amevaa suti ya harusi yake. Fundi mitambo nyuma ya kioo. Nikaanza vizuri. Nilipendekeza albamu kama sijawahi kupendekeza. Nilieleza jinsi mwimbaji anavyosahau ubeti wa pili wa wimbo wa kwanza na watu wakamwimbia, na hapo ndipo unapoelewa kwamba wimbo haukuwa wake tena. Hata Miwani alitulia. Ningeishia hapo! Lakini Mkurugenzi akaangalia saa, akasema sasa mluzi.

Fundi akacheza wimbo wa nne. Drams zikanyamaza. Mluzi ukapasua. Shemeji akageuka haraka akatazama mlango. Nilidhani ni woga wa redio.

Miwani akatangulia. Akavuta pumzi, akapiga. Ulitoka mluzi, sikatai, lakini mluzi wa mtu anayeita teksi asiyotaka kuipanda. Simu tatu zikaingia, zote zikisema bado.

Zamu yangu. Nikasogelea kipaza sauti. Nikabinya midomo. Nikatia mkono mfukoni kama mtu anayetafuta kitambaa. Nikabonyeza.

Mluzi ukatoka. Safi! Mfupi, mfupi, mrefu. Na pamoja nao ukatoka uwanja mzima. Maelfu ya watu wakapiga kelele kutoka kwenye shati langu! Halafu drams zikarudi, halafu mwimbaji akasema kutoka kifuani mwangu, asanteni sana, mnajisikiaje huko nyuma! Nilibonyeza kuzima, nikaongeza sauti. Huko nyuma wakajibu wanajisikia vizuri.

Mimi! Miaka sita nawafundisha watu kwamba kwenye albamu ya jukwaani huwezi kumtenga mtu na umati wake, na bado sikufikiria! Nilibaki nimebinya midomo. Sikujua niifungue kwa sababu gani. Miwani alivua miwani yake ili aone vizuri. Nilikuwa sijawahi kuyaona macho yake. Yana huruma, jambo lililoniudhi zaidi.

Shemeji akaona ajitokeze. Akasimama, akasema alikuwepo, alinibeba mabegani, shati lilikuwa jekundu, na machozi yakaanza. Mkurugenzi akamwomba akae. Ndipo simu ya nne ikaingia.

Sauti ya mama mkwe. Hewani! Akasalimia wasikilizaji wote, wakubwa kwa wadogo. Akasema yeye hataki ugomvi, ila huyo kijana anayelia ni mwanawe wa kumzaa, na siku ya onyesho hilo alikuwa kitandani na surua, amepakwa dawa mwili mzima. Uwanjani alikwenda yeye mwenyewe, mama mtu, kumtafuta binti yake aliyetoroka nyumbani kwa kupitia dirisha la jikoni. Alipoona watu ni wengi na binti haonekani, akangoja yale mangoma yanyamaze kidogo, akamwita kama alivyokuwa akiwaita watoto wake wote tangu wadogo. Tangu walipokuwa wakubwa hajaita tena, hapakuwa na haja.

Mkurugenzi akauliza alimwitaje.

Akaita. Mtume! Fundi aliruka kwenye kiti. Mfupi, mfupi, mrefu unaoshuka. Hapo hapo, ndani ya simu, kutoka mbali, jikoni kwangu, nikamsikia mke wangu akiitikia: abee, mama! Na hapa studio shemeji alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, machozi yamekauka, anajibu: naam, mama!

Simu za wasikilizaji hazikukatika mpaka taarifa ya habari.

Jumapili, 9 Machi

Sikutoka chumbani mpaka mchana. Mke wangu akaniletea chai, akakaa kitandani. Nikamwuliza alijua tangu lini. Akasema tangu siku ya kwanza nilipomchezea albamu ile, tukiwa wachumba. Alisikia mama yake akimwita, moyo ukamruka, alitaka kuvaa viatu. Mimi wakati huo huo nikamwambia kwa furaha kwamba unasikia, huyo ni mimi. Akaniangalia usoni, akashindwa kunivunja. Baada ya hapo ikawa miaka imepita.

Nikamwambia alipaswa kuniambia. Akasema kweli. Akaniambia pia kwamba kile nilichosema jana kuhusu mwimbaji na ubeti wa pili kilimtoa machozi akiwa anaosha sufuria, na kama ningenyamaza pale, kipindi kingekuwa changu hadi leo. Hilo liliniuma kuliko uwanja mzima kulia shatini.

Lakini haki itendeke. Watu walikuwa maelfu. Mama mkwe kupiga mluzi hakuzuii na mimi kuwa nilipiga. Inawezekana wangu uko chini ya wake. Nimesema hivyo. Mke wangu akachukua kikombe akaondoka.

Saa kumi simu ikalia. Mkurugenzi! Nikairukia. Akanisalimia, akaniuliza kama mama yupo.

Kipindi amempa mama mkwe. Mama mkwe! Ambaye hajui solo na besi! Alisema asubiriwe afikiri, akafikiri muda wa kumenya kitunguu kimoja, akakubali. Ana sharti moja: mkwewe aende naye, achague albamu na abebe begi, kwa kuwa yeye macho hayaoni maandishi madogo ya kwenye majalada. Miwani amepewa kusoma hali ya hewa.

Jumamosi, 15 Machi

Kipindi cha kwanza cha mama mkwe. Nilimchagulia albamu ya Kutu Nyekundu, nikamwandalia maelezo kurasa tatu. Akaziweka chini ya glasi ya maji.

Akasikiliza nyimbo mbili, akazungumza. Akasema mpiga ngoma ni mtu mwenye hasira lakini anajua kuzipanga, mpeni nafasi. Akasema yule mwimbaji anawaomba watu makofi kila mara, na aliyepika vizuri haulizi kama chakula ni kizuri. Akasema solo ni ndefu, ila mtu akikatikiwa na nyuzi mbili na bado akamalizia, huyo ana mama aliyemlea. Inunueni, akasema, ila msiicheze wakati wa mtoto kulala.

Simu! Simu mpaka laini zikazidiwa! Sijawahi kupata zaidi ya simu nne, na mbili zilikuwa za watu waliokosea namba. Nilikaa pembeni na begi mapajani. Nikafungua mdomo mara moja kurekebisha jina la mpiga besi, akaweka kidole mdomoni mwake, na nikanyamaza. Hewani! Mbele ya fundi!

Nilirudi nyumbani nimevimba. Nikavaa vifaa vya masikioni ili nisimsikie akipongezwa na majirani. Nikachukua albamu ya zamani niliyoinunua mwezi jana kwa muuza vitu chakavu, bendi ya ng'ambo nisiyoijua vizuri. Onyesho la ukumbini. Na kati ya wimbo wa sita na wa saba, makofi yanapotulia, nikaisikia. Chafya. Chafya moja nzito, na mkia mdogo wa pili. Nikarudisha. Nikasikia tena. Nywele zilisimama.

Ni yangu. Chafya yangu naijua, nimeishi nayo maisha yangu yote. Na chafya haihitaji meno!

Nimemwita mke wangu asikilize. Hakusikiliza, aligeuza jalada akasoma maandishi madogo, akasema onyesho hilo lilifanyika miaka mitatu kabla sijazaliwa. Nimemwambia tarehe za kwenye majalada haziaminiki, awaulize watu wanaojua muziki. Jumatatu asubuhi na mapema niko kwa Mkurugenzi.